Masikio ya Babu

Khuong mtengeneza tofu, ile jibini ya soya, ni jirani yangu. Ukuta wa banda lake la nguruwe ndio ukuta wa jiko langu, kwa hiyo nikisema namfahamu, simsingizii. Nimemsikia akikoroma, nimemsikia akigombana na mkewe Thoa, na kwa karibu mwaka mzima nilimsikia kila asubuhi akisema kwa sauti laini ambayo mkewe hajawahi kusemeshwa nayo:

"Babu umeamkaje? Umelala vizuri Babu? Jana ulijamba sana, au ni yale machicha ya soya?"

Babu alikuwa nguruwe.

Hapa kijijini Thuong Lau nguruwe wa sikukuu haitwi nguruwe. Tangu siku anapochaguliwa, angali mdogo wa kubebwa kwapani, ni Babu, na mtoto akimwita jina lingine anafinywa mdomo. Babu hulala ndani ya chandarua. Babu hupigiwa feni. Babu hatukanwi, na mtu akitaka kupita mbele yake huinama kidogo. Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya huchinjwa kwa heshima, hupambwa kwa maua na karatasi nyekundu, na vijana humbeba mabegani mpaka kwenye nyumba ya ibada ya mlinzi wa kijiji, roho inayotulinda tangu enzi za mababu, ngoma zikitangulia. Kisha kila nyumba hupata kipande chake. Nyumba inayomlea Babu lazima iwe na mume na mke walio hai, isiwe na msiba, na zamu yake ikishapita, isubiri mpaka zamu izunguke mitaa yote. Wengi husubiri mpaka wanakufa.

Zamu ya Khuong ilishapita, na ilipita vibaya. Ndio mwaka ule homa ya nguruwe ilipoingia kijijini. Babu wake aliacha kula, masikio yakawa rangi ya zambarau, na kabla ya sikukuu wakaja watu wenye mavazi meupe wakamzika kwenye shimo la chokaa pamoja na nguruwe wote wa mtaa. Sikukuu haiahirishwi, basi wanawake wakafinyanga Babu wa wali wa kunata, mkubwa kama kitanda, wakamtia macho ya kokwa za matunda. Njiani mvua ikanyesha. Babu akaanza kuteremka taratibu kwenye mabega ya vijana. Pua ilitangulia, ikafuata miguu, na kuku wa kijiji kizima wakaungana na msafara. Kilichofika mbele ya mlinzi kilikuwa ubao na mkia.

Tangu siku hiyo Khuong akaitwa Baba Wali. Hata wateja wa tofu walimwita hivyo. Bong, muuza supu ya tambi wa ng'ambo ya mfereji, ndiye aliyelitunza jina hilo kama mtu atunzavyo mche. "Baba Wali," alikuwa akiita kutoka kwenye sufuria yake, "leo mawingu yametanda, umeanika nini?"

Miaka kadhaa hakuna aliyethubutu kulea Babu. Nguruwe wanakufa, nani atake aibu? Ndipo Khuong akaenda kwa mzee Luc, mkuu wa kamati ya sikukuu, akaomba apewe tena. Mzee Luc alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Nakupa kwa sababu hakuna mwingine anayetaka," alisema. "Lakini sikia vizuri. Huyu akifa, au akija na kasoro yoyote mwilini, zamu inavuka mfereji kwenda kwa kina Bong, na wewe utazikwa na wali wako."

Khuong akanunua watoto wa nguruwe wa tumbo moja, akamchagua aliyenenepa zaidi, na Babu akapatikana. Sasa kilichobaki ni asife.

Wakati ule ule wataalamu wa chanjo walikuwa wanatafuta nyumba za kujaribia chanjo ya homa ile. Walishaijaribu kwenye mabanda yao wenyewe, sasa walitaka kuona itakavyokuwa kwenye mabanda yetu, yenye panya, matope, na mashemeji wanaoingia na kutoka. Khuong alijitokeza hata kabla gari halijazimwa. Aliyekuja alikuwa daktari wa mifugo, binti mmoja mwembamba aitwaye Diep, mwenye boksi la barafu na miwani iliyojaa vumbi. Mimi nilikuwa jikoni kwangu, na ukuta ule, kama nilivyosema, ni wa wote.

"Hebu daktari nieleze," Khuong aliuliza. "Humo ndani ya chupa kuna nini?"

"Kirusi cha homa yenyewe, baba."

"Ile ile iliyomuua wa kwanza?"

"Ile ile, ila tumeing'oa meno. Mwili wake utaiona, utajifunza kupigana nayo, na siku ikija yenye meno, atakuwa anaijua."

"Na hii yako meno yakiota tena?"

"Ndiyo maana tuko hapa," Diep alisema bila kusitasita. "Kuangalia kama yanaota. Nikikwambia hayaoti kabisa kabla sijaangalia, nitakuwa nakudanganya."

Khuong alilipenda jibu hilo, nilimsikia akigonga ukuta kwa furaha, sahani yangu ikaanguka. Kisha Diep akatoa koleo lenye mdomo mpana, na kipande cha plastiki cha njano chenye namba.

"Hicho cha nini?"

"Hereni ya mifugo. Kila nguruwe wa majaribio anavaa sikioni."

Nilichungulia juu ya ukuta. Khuong alikuwa amepiga magoti, ameyaziba masikio ya Babu kwa viganja viwili kama vile kuna mtu anamtukania mama.

"Babu hatobolewi!"

"Baba, ni tundu dogo tu."

"Kwako dogo. Kwa kamati ni kasoro. Mpake rangi!"

"Ataoga."

"Mfunge utepe shingoni."

Diep alimtazama Babu kutoka mbele, akamtazama kutoka ubavuni. "Shingo iko wapi?"

Sote tukatafuta. Kwa kweli haikuwepo.

"Basi mpige picha."

"Baba, nguruwe wote wanafanana."

Khuong akasimama polepole. "Wanafanana? Mwanangu, tazama macho hayo. Hayo ni macho ya marehemu mjomba wangu!"

"Ni kweli," Thoa alidakia akiwa anakamua tofu. "Hata mwendo ni wake."

Lakini Diep alikataa, na alikuwa na sababu yake. Kijiji kimoja alikotoka, mzee mmoja alifiwa na nguruwe wa majaribio, akaona aibu, akanunua mwingine sokoni akamweka mahali pake. Wataalamu wakapima damu wakakuta haina kinga hata chembe, wakakaribia kuitupa chanjo nzima, kumbe damu ni ya mgeni aliyefika jana. "Bila namba sichanji," alisema. "Nitarudi keshokutwa. Amua."

Khuong alikimbilia kwa kamati akiwa na ndala mguu mmoja. Wazee wanne wakaketi kujadili sikio. Mimi nilikwenda kwa sababu alitaka shahidi, ingawa hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi siyo mtu wa kusema mbele za watu.

"Tundu ni tundu," alisema mzee Luc.

"Lakini puani anayo mawili," alisema mzee wa pili, "na hatujawahi kuyahesabu."

"Hayo alizaliwa nayo."

"Wasichana je? Wanatobolewa na bado wanaolewa wazima."

"Babu ni mwanamume. Na wala haolewi."

"Tungeziba tundu kwa wali wa kunata," alisema wa tatu, na mara akajutia, maana wote walimgeukia Khuong kisha wakatazama chini, mabega yakitikisika. Uamuzi ukawa ule ule: sikio zima, la sivyo asahau.

Basi Khuong akabuni kofia. Thoa aliishona kwa kitambaa cha mfuko wa soya, yenye kamba za kufungia chini ya kidevu, na Diep, aliyerudi kusikia uamuzi, akakubali kwa shida kuishonea hereni moja juu yake ijaribiwe usiku mmoja. Babu alipendeza. Alifanana na bibi harusi wa kijijini aliyekasirika.

Asubuhi Diep akaja. "Hereni iko wapi?"

"Ipo, daktari," alisema Khuong.

"Wapi?"

"Iko njiani."

"Njiani kutoka wapi?"

"Kutoka mbele kwenda nyuma. Na kofia pia."

Diep aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua miwani. Nadhani alitaka kulia, au kucheka, lakini kazini haruhusiwi hata kimoja. Khuong naye akachuchumaa karibu yake, safari hii bila makelele.

"Mwanangu," alisema, "wewe una chanjo na mimi nina Babu. Nisipochanja, homa itamchukua kama ilivyomchukua yule. Nikichanja, sikio linaharibika na wazee wanamkataa. Niambie nifanye nini. Nimechoka kuitwa Wali."

Diep alifikiri. "Ndugu zake wa tumbo moja wako wangapi humu?"

"Watano."

"Wote nitawavika. Yeye peke yake hatavaa. Asiye na hereni ndiye yeye. Hapo sawa." Akanyanyua kidole. "Lakini akifa ukaniletea mwingine asiye na hereni, nitajuaje?"

Ndipo Thoa akatoka jikoni anajifuta mikono.

"Si umvike huyu," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Ana tundu tayari."

Ni kweli alikuwa nalo. Mama yake Khuong alifiwa na watoto wa kiume mfululizo, na alipozaliwa huyu akamtoboa sikio la kushoto, akamvalisha gauni, akamwita Kinyesi, ili mizimu inayochukua watoto wa kiume ione binti mchafu ipite zake. Mizimu ikapita. Tundu likabaki, dogo kama la sindano, chini ya nywele.

"Binti," Thoa aliendelea, "huyu mume wangu anapita kijiji kizima kila asubuhi na tofu yake. Akivaa hereni ya Babu, watu wote watamlinda. Babu akifa ataikata mbele ya watu, na kila mtu atajua. Utapata mashahidi zaidi ya unaowahitaji."

Diep akampigia simu mkubwa wake. Akaeleza. Tukasikia kicheko upande wa pili, kisha kikohozi, kisha sauti ikasema sawa, mradi mzee akubali mwenyewe, na Babu apigwe picha kila ziara kwa kila upande. Masharti yakawa hivi: hereni ile haitoki bila kukatwa, na akikuta imekatwa, atahesabu kwamba Babu amebadilishwa, na aliyeko bandani, awe nani awaye, atauawa na kuzikwa kwenye chokaa.

"Nakubali," Khuong alisema, akainamisha kichwa.

Ila pini ya hereni ya mifugo siyo nyembamba kama ya dhahabu. Diep alilisafisha sikio, akalinyoosha, akasukuma. Wakati huo huo msaidizi wake alikuwa anamchoma Babu sindano ya chanjo. Kati ya wawili waliochomwa siku ile, aliyelia hakuwa nguruwe.

Kuanzia kesho yake mtaa ukapata starehe. Khuong akipita na tofu, kipande cha njano kikining'inia sikioni kama bendera, watu walimsimamisha wamkague. "Geuka kidogo. Ehe. Babu mzima." Kina mama walimwonyesha kwa watoto. Bong alimwita kutoka ng'ambo: "We Khuong, utachinjwa lini? Niwekee paja!"

"Nitakuwekea kwato, ukapikie hiyo supu yako isiyo na ladha!"

Siku chache baada ya sindano Babu alipata joto, akageuzia bakuli kisogo. Diep alishaonya kwamba inaweza kutokea, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili. Khuong hakutengeneza tofu. Alihamishia mkeka bandani, akampepea, akamlisha uji kwa kijiko.

"Mimi nilipougua," Thoa alisema akiwa mlangoni, "ulinipa ndizi moja ukaenda kutazama kandanda."

"Wewe hubebwi kwenda kwa mlinzi wa kijiji."

"Subiri nife, utaona kama sibebwi."

Halafu asubuhi moja nikasikia kishindo, nikasikia bakuli likigonga ukuta, na Khuong akipiga kelele, "Anakula! Thoa! Anakula! Amekula na kijiko!" Diep akaja akachukua damu, na baadaye akapiga simu kusema kinga imeonekana, tena nzuri. Khuong alimwekea Babu simu sikioni asikie mwenyewe.

Mvua zilipoanza, homa ikarudi. Ilianzia ng'ambo ya mfereji. Watu wenye mavazi meupe wakaonekana tena, na chokaa ikamwagwa barabarani. Nguruwe wa Bong waliisha wote kabla ya wiki kwisha. Hapo ndipo nilipomwona Bong akisimama upande wake wa mfereji bila sufuria, mikono imening'inia.

"Khuong!" aliita. "Hereni ipo?"

"Ipo!"

"Igeuze niione."

Khuong akageuza sikio. Bong akaitazama kwa muda.

"Isitoke hiyo," alisema, akarudi ndani. Hakusema neno la wali.

Siku hizo kijiji kilikuwa na roho juu juu. Asubuhi moja ya baridi Khuong akatoka amejifunga kitambaa cha Thoa kichwani mpaka chini ya kidevu, masikio hayaonekani. Mteja wa kwanza alimwona, akaweka kikapu chini, akaanza kulia. Wa pili akamkuta wa kwanza analia. Khuong alipofika sokoni alikuta watu wamevua kofia, na mzee Luc anakuja na udi umeshawashwa, amemshika mkono, anamwambia, "Poleni sana. Kazi ya mbingu haina makosa."

"Nani amekufa?" Khuong aliuliza, akaanza kulia na yeye, maana alidhani ni ndugu yake.

Walilia kwa pamoja mpaka Thoa akafika kudai kitambaa chake, akakivuta, na hereni ikachomoza, ya njano, na namba zake zote. Mzee Luc akauzima udi kwa vidole, kwa hasira. Tangu hapo Khuong alikatazwa na kamati kujifunika masikio hata theluji ishuke.

Homa ilizunguka mtaa wetu ikaondoka. Bandani mwa Khuong hakuanguka hata mmoja. Diep alipima tena, akaandika, akapiga picha zake, na mwisho wa mwaka akasema Babu yuko huru, muda wa kusubiri baada ya chanjo umepita na nyama yake inalika.

Ikabaki siku ya ukaguzi. Babu alikuwa mlima. Aliogeshwa kwa maji ya tangawizi, akasimamishwa uani, na wazee wanne wakamzunguka, miwani puani, wakipekua unywele kwa unywele. Masikio waliyashika, wakayaelekeza kwenye jua, mwanga ukapita mwekundu, bila tundu. Mkia mzima. Kwato nzima. Khuong alikuwa amemshika Thoa mkono, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada.

"Hapa," alisema mzee wa tatu.

Upande wa shingo, pale ambapo shingo ingekuwa, palikuwa na vidoti viwili vitatu vilivyopona.

"Nini hiki?"

"Sindano," Khuong alisema. "Chanjo na damu."

Wazee wakatazamana. Mzee Luc akashusha pumzi ndefu, akaanza, "Mlinzi wa kijiji anapewa aliye mzima, asiyechomwa wala..."

"Mzee," Thoa alikatiza, "kunja mkono wa shati."

"Nini?"

"Nakuheshimu, lakini kunja. Juu, begani. Mwaka wa ile korona si mlipanga foleni nyote shuleni? Wewe ulichomwa mara tatu, nilikuwa nyuma yako, ulimshika nesi mkono ukamwomba achome polepole. Kama sindano ni kasoro, hapa uani hakuna mzee mzima hata mmoja, na kamati yote haifai kuingia kwa mlinzi."

Aliyejibu ni Babu peke yake, kwa kujamba. Mzee wa pili akagusa bega lake mwenyewe bila kujua. Mwisho mzee Luc akatazama vile vidoti, akatazama mbingu, akasema, "Aliyechanjwa anahesabiwa mzima," na wenzake wakaitikia haraka, kama watu waliookolewa.

Mchana wa sikukuu Babu alibebwa. Nilikuwa miongoni mwa wabebaji, upande wa nyuma kushoto, na bega langu bado linakumbuka. Hakukuwa na mvua, na Babu hakuteremka popote. Khuong alitangulia na ngoma, kanzu ya bluu, kilemba cheusi, na hereni. Diep alikuwa amekuja na mkasi wake kuikata, lakini Khuong akamwambia subiri tufike, na walipofika mbele ya mlinzi, Diep akaikata pale pale, watu wakipiga makofi kama vile kijana ametahiriwa.

Nyama ikagawanywa, kila nyumba kipande. Bong alivuka mfereji akapewa paja alilolitaka kwa mzaha, akalipokea kwa mikono miwili. Mlezi wa Babu, kwa desturi, hupewa masikio.

Khuong aliyapeleka nyumbani kwenye sinia, akayaweka mezani, akayatazama. Alisema hawezi. Alisema huyu alimlisha kwa kijiko. Thoa hakubishana. Aliyachemsha, akayakata vipande vyembamba, akayakoroga na unga wa mchele uliokaangwa, akaweka majani pembeni na mchuzi wa samaki wa kuchovyea. Mimi niliitwa, nikakaa karibu na mlango.

Khuong alichukua kipande kimoja. Kikalia mdomoni, kacha kacha. Machozi yakamtoka. Akachukua kingine, na kingine, machozi yakiendelea, mpaka Thoa akavuta sinia upande wetu.

"Vipi?" nilimuuliza.

"Mazima," alisema Khuong, mdomo umejaa. "Mazima kabisa."